Walikuja Kupima Umaskini Wetu

Mliosoma juma lililopita mnajua niliwaacha nikiwa na furaha ya mjinga.

Kwa aliyekosa: mimi ni Nyaruai, msichana wa Kiminini niliyepata mtoto kabla ya kupata cheti. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni mjini Kitale, mtoto mgongoni, mwalimu akiniambia nitoke nje kila mtoto akilia. Baba ya mtoto alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Nadhani aliipata, maana hajapata nafasi hata ya kutusalimia.

Nikaitwa chuo kimoja cha Bungoma kusomea lishe. Mtoto nikamwachia Mama. Mwaka wa kwanza ulipita kwa michango ya kanisa. Wa pili ukanikwama shingoni: nisipolipiwa karo kabla ya mitihani, nafasi yangu ingepewa mtu mwingine.

Ndipo nikaomba mfuko wa chuo wa kusaidia wanafunzi walio na shida. Nikajibiwa kwamba kamati itafika nyumbani kwetu Jumamosi ijionee.

Nikafurahi. Kama kuna kitu nilichokuwa na hakika nacho duniani, ni shida yetu. Nani angeikosa?

Mama hana simu. Nilipiga ya jirani yetu, Mama Gathii, akampelekea.

"Mama, watu wa chuo wanakuja Jumamosi kuona vile tunaishi. Tafadhali usipange kitu."

"Wageni ni wangapi?"

"Si wageni, Mama. Ni kamati."

"Na kamati haikulangi?"

"Mama, waache waone vile tuko. Hiyo ndiyo itanisaidia."

"Nyaruai, mimi nikalishe walimu kwa gunia ya mahindi? Warudi Bungoma waseme kwa Mama Nyaruai hakuna hata kikombe iko na mkono?"

"Ndiyo tunataka waseme hivyo."

"Wewe soma. Mambo ya wageni niachie."

Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama Gathii mwenyewe, tamu kama uji wa wimbi. "Mwambie asijisumbue. Sisi wamama wa kanisa tuko."

Lazima niwaeleze jambo hili, kwa sababu ndilo lililoniua.

Kwetu nyumba moja ikipata mgeni, nyumba zote za jirani zimepata mgeni. Awe askofu, wawe watu wa posa, yawe matanga. Huyu analeta chupa za chai, yule sahani, mwingine vitambaa vya kufunika viti. Hakuna anayeuliza kitu ni cha nani. Wageni wakishaondoka, toroli linapita kila mlango likirudisha. Hata kuku anayepikwa, mara nyingine ukimuuliza kwao ni wapi hatakuonyesha kwako.

Nilijua. Lakini nilidhani Mama atanisikia mara hii moja.

Jumamosi nilitoka Bungoma na kamati katika gari la chuo. Kamati ilikuwa watu wawili: Mwalimu Mukhisa, mwenyekiti, na Madam Agneta anayetunza mfuko.

"Nyaruai," Mwalimu Mukhisa akasema tukikaribia, "mimi sijawahi kuona Mkikuyu maskini. Leo nimekuja kutalii."

"Utaona, Mwalimu."

"Nikikosa kuona nitadai nauli."

Wakacheka. Nami nikacheka. Siku hiyo ningecheka hata nikitukanwa.

Gari likaingia kwetu. Kitu cha kwanza kutulaki kilikuwa ng'ombe wa gredi, mweusi kwa mweupe, amefungwa kando ya mlango, kiwele kimejaa. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia.

Nilishuka wa mwisho.

Ndani, sikuijua nyumba niliyozaliwa. Sofa za rangi ya damu ya mzee. Vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Kabati la vioo lenye bilauri. Redio kubwa ya spika mbili. Saa ukutani, na chini ya saa, Mama, amevaa koti ambalo sikuwahi kuliona, akitabasamu kama siku ya arusi.

"Karibuni, karibuni watu wa Mungu. Ni kwenu hapa."

Mwalimu Mukhisa alizama kwenye sofa mpaka magoti yakafika kifuani. Akamtazama Madam Agneta. Madam Agneta akaitazama redio.

Binti yangu akaja mbio, akanikumbatia miguu, kisha akataka kupanda sofa kama mtoto yeyote. Mama Gathii akamdaka mkono.

"Shuka, utachafua."

Mtoto akashuka, akaketi sakafuni, pale anapoketi siku zote. Mtu mwenye macho angeuona ukweli hapo hapo. Mtoto wa nyumba anakiogopaje kiti cha nyumba? Lakini macho ya kamati yalikuwa mlangoni, kuku alikuwa anaingia.

Kuku, chapati, mukimo wa viazi na mahindi. Mama alikuwa amesikia kwamba watu wa Bungoma humheshimu mgeni mwanamume kwa firigisi, akamwekea Mwalimu Mukhisa peke yake kwenye kisahani.

"Huyu mama anajua watu," Mwalimu akasema, mdomo umejaa.

Nikainama kwa Madam Agneta. "Madam, kuna jambo nataka kusema. Hivi vitu unavyoona..."

"Nyaruai," Mama akanikata, "ongeza madam chai."

Nikaongeza. Nikainama tena. Wamama sita wa kanisa walikuwa wamesimama kando ya kuta zote, kila mmoja akikitazama kitu chake kwa fahari. Ningesemaje? "Koti ya mama si yake, wala kikombe unachonywea"? Ningemvua mama yangu nguo mbele ya watu waliomvisha.

Nikajiambia: hawa ni Wakenya. Nao wana mama. Wanajua mambo ya wageni yanavyokwenda.

Sahani zilipoanza kuzunguka mara ya pili, Mama Gathii alifuta mikono kwenye leso. "Nakimbia nyumbani kidogo," akasema. Hakurudi.

Kamati ilipoaga, Mwalimu Mukhisa alimshika Mama mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru mno. Gari likatoka langoni. Badala ya kukata kulia kurudi barabara kuu, likakata kushoto.

Niliona, ila sikulitilia maanani. Nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Jumatatu niliitwa ofisini.

"Keti," Madam Agneta akasema. "Nyaruai, mimi nimefanya kazi hapa tangu nikiwa msichana. Nyumbani kwangu sina sofa kama za mama yako."

"Si za mama yangu, Madam. Ziliazimwa."

"Na kabati?"

"Iliazimwa."

"Redio? Saa?"

"Vyote, Madam."

Mwalimu Mukhisa akakohoa. "Na ng'ombe?"

"Hata ng'ombe, Mwalimu."

Akaangua kicheko mpaka akatoa leso. "Ng'ombe ya kuazima! Agneta, umesikia? Mimi nitaazima trekta nikitembelewa."

"Mwalimu, kwenu mkipata wageni hamuazimi viti?"

Kicheko kikakatika. "Hatuzungumzi juu ya kwetu hapa."

"Mliketi, mkala, mkaongezwa. Mama alifanya vile mama yeyote angefanya. Sasa kuku wetu ndiye anayetushtaki?"

"Punguza sauti," Madam Agneta akasema. "Mfuko ni mdogo. Kutoka upande wenu tunaweza kuchukua mtu mmoja, na tumeshamchukua. Huko ndiko tuliona umaskini. Yule mama alitukalisha juu ya ndoo zilizopinduliwa. Ndani hamna kitu, ukutani hamna kitu. Alitupa chai ya rangi, tena akaomba msamaha hakuna sukari."

"Mama yupi huyo?"

"Si ni jirani yenu? Mama ya Gathii. Yule kijana anayesomea umeme hapa chuoni."

Wasomaji, ngojeni niwaambie Gathii ni nani.

Gathii wa Gikonyo. Gikonyo anayeuza mbolea na mbegu kule Kachibora, ana duka lenye milango miwili. Nyumba yao ya Kiminini kwa nje ni ya mbao na mabati kama yetu, kwa sababu Gikonyo pesa zake huziweka Kachibora. Lakini kwa ndani! Sofa za rangi ya damu ya mzee ni zao. Kabati lao, redio yao, saa yao. Ng'ombe ni wao.

Mama Gathii hakuwa ametuazima vitu. Alikuwa amehamishia nyumba yake kwetu ili yake ibaki na ndoo tu.

Sikurudi darasani. Jioni nilikuwa Kiminini.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye sofa. Hakukalia. Aliegemea tu.

"Mama, hivi vitu bado viko hapa kwa nini?"

"Mama Gathii alisema tukae nazo kwanza, mpaka mvua ipungue. Hataki zinyeshewe kwa njia."

"Mvua gani, Mama? Huoni vumbi?"

Akaacha kupukuchua.

Nikamwambia yote. Ndoo, chai ya rangi, sukari. Nilimwambia vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetupa mawe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaokota punje moja iliyorukia mbali, akairudisha kwenye karai.

"Labda hakujua ya kwamba wanaenda kwake."

"Mama. Alitoroka hapa akaenda kupindua ndoo."

"Huyo mwanamke alilala kwa hii nyumba wiki nzima baba yako alipokufa. Mimi nilisimamia Gathii akibatizwa. Maziwa mtoto yako anakunywa kila asubuhi unafikiri inatoka wapi?"

"Kwa hivyo amenunua masomo yangu kwa maziwa?"

"Usiongee hivyo."

"Niongee aje?"

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa Mama Gathii mwenyewe.

Nilimkuta jikoni. Hakushtuka. Alinivutia ndoo.

"Karibu kiti."

"Nimesikia ndicho kiti cha wageni siku hizi."

Akatabasamu. "Chuo kimekunoa mdomo. Vizuri."

"Mama Gathii, ulijua wanakuja kwenu siku hiyo hiyo?"

"Kijana yangu si ni mwanafunzi kama wewe? Ama mfuko iliandikwa jina yako?"

"Baba yake ana duka."

"Baba yake ana duka, na baba yake ana mwanamke mwingine ndani ya hiyo duka." Alikoroga sufuria polepole. "Wewe unaona milango mbili. Mimi sijaona hata kufuli yake. Hiyo sofa nilinunua na pesa ya maziwa, na mikono yangu. Kila mtu anavuta wake, Nyaruai."

Hilo sikulijua, na lilinichoma kidogo. Lakini hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani, haikutaka kushuka.

"Ungemwambia Mama. Mngekubaliana. Badala yake ulimfanya mjinga mbele ya watu."

"Mimi? Mama yako aliniomba viti viwili. Nikampa nyumba nzima. Angekuwa na akili angekataa." Akanitazama sasa, bila tabasamu. "Na ukienda kusema, nani atakuamini? Vitu viko kwa nani?"

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Nilirudi Bungoma, nikakaa kwenye ngazi za ofisi ya Mwalimu Mukhisa. Akija, niko. Akienda kula, niko. Alinipita kama kiti. Mwishowe akachoka.

"Unataka nini, wewe?"

"Muulizeni Mama mkiwa mnamtazama usoni. Na mmuulize jirani, wote wawili pamoja."

"Na mama yako akisema vile unasema?"

"Mtanipa nafasi yangu."

"Na akikana?"

"Hatakana. Mama yangu hasemi uongo."

Alitikisa kichwa, lakini alikubali. Alhamisi, saa nne, wote waje.

Jumatano usiku nikiwa nyumbani nilimbembeleza Mama kama mtoto. Sikumwomba amchafue mtu. Aseme tu, viti si vyangu. Maneno matatu. Alikubali. "Nitasema ile iko," akasema, na nikalala kwa amani, maana Mama akisema hivyo huwa kumeisha.

Alikuja na kitambaa chake mwenyewe kichwani na viatu vyake vilivyopinda visigino. Hakuazima hata pini. Nilipomwona anaingia ofisini vile, mtoto mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, nilijivunia mpaka nikataka kulia. Mama Gathii alikuwa ameshaketi, miguu pamoja, kanga kiunoni kama mwombaji.

Mwalimu Mukhisa hakuwa na utani siku hiyo.

"Mama, tulikuja kwako ukatukaribisha vizuri. Sasa binti yako anatuambia vile vitu ni vya huyu jirani. Nataka uelewe kabla ya kujibu. Ukisema ni vyake, basi huyu alituficha mali yake ili tumpe kijana wake. Huo ni udanganyifu. Kijana hatanyimwa mfuko tu, atafukuzwa chuo. Ukisema ni vyako, tumemaliza. Binti yako atafute njia nyingine."

Kufukuzwa. Neno hilo hakunitajia kule kwenye ngazi.

"Mwalimu," nikasema, "hukuniambia..."

"Nyamaza. Namuuliza mama."

Mama Gathii hakujitetea. Alimwita Mama kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, mara moja tu: "Nyina wa Nyaruai," yaani mama yake Nyaruai. Basi.

Mama alitazama mikono yake. Mikono ile iliyonilea na sasa inanilelea mtoto.

"Ni zangu," akasema.

"Vitu vyote?" Madam Agneta akauliza.

"Zote. Na ng'ombe."

Mwalimu Mukhisa akafunika kalamu yake. Nikaiona nafasi yangu ikifunikwa nayo. Niliona mwaka mzima wa kulala kwenye chumba cha watu saba, nikijifunza kupima watoto uzito ilhali wangu simwoni akikua. Niliona vile Mama Gathii alivyoshusha mabega, kama mtu aliyetua mzigo, na mzigo ule nilijua ni nani sasa aliyetwikwa.

Niliwahi kukasirika maishani. Niliikasirikia Uganda, nikamkasirikia baba ya mtoto, nikawakasirikia watu wanaokaa kwenye sofa wakaandika maskini ni nani. Lakini siku hiyo hasira yangu ilikwenda mahali ambapo haikuwahi kufika.

Nikasimama.

"Mwalimu, mama yangu amekudanganya."

Kwetu maneno hayo mtoto hamwambii mzazi hata wakiwa wawili chumbani, seuze mbele ya wageni.

Mwalimu Mukhisa alinitazama kama anayeniona mara ya kwanza. "Unajua unalosema?"

"Najua. Muulize sofa moja ina nini chini ya mto. Muulize ng'ombe anaitwa nani. Hajui. Amechagua mtoto wa mwenzake."

"Nyaruai," Mama akasema.

"La, Mama. Nilikuomba maneno matatu."

Madam Agneta aliweka mkono mezani. "Mmoja wenu ni mwongo, na hatuwezi kutoka hapa bila kujua ni nani. Mama, mara ya mwisho. Huyu mtoto wako anasema kweli?"

Mama aliinuka. Nilidhani anakuja kunizaba kofi, na ningelipokea. Alinipa mtoto.

"Mpeleke nje," akasema. "Na wewe ubaki huko huko. Kuna kitu nataka kuambia hawa watu, na sitaki ukisikie kwangu leo."

"Kitu gani?"

"Toka, Nyaruai."

Hakupaza sauti. Nilitoka. Mtu wa ndani akaufunga mlango, nikabaki kibarazani nimemkumbatia mtoto, sikio kwenye ubao.

Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikaisikia sauti ya Mama, ya polepole, ikisema maneno ambayo sikuyashika. Kisha kiti kikaanguka.

Na Mama Gathii, ambaye sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba yangu, akaanza kulia kama aliyefiwa. Alichowaambia Mama, nitawaeleza juma lijalo.